Kaseti Iliyokwama Ndani ya Redio ya Mahbuba

Kifuniko kilifunguka, na ndani hamna kitu.

Harub tulimwacha Ijumaa iliyopita amepiga magoti juu ya turubai la Samir, soko la vikuukuu la Wadi Kabir, kidole chake kiko juu ya kitufe cha redio. Mlioniandikia mkiapa kwamba kaseti itakuwamo, poleni. Hata mimi nilitamani iwemo.

Na wewe uliyeliokota gazeti hili leo kwa kinyozi, nisikuache nje. Harub ni mzee wa miaka sitini na minane, mzaliwa wa Unguja, mstaafu wa wizara moja hapa Maskati. Maisha yake yote yalikuwa faili na mihuri. Mkewe Mahbuba alifariki miezi tisa iliyopita. Miaka kumi na minne ya mwisho ya uhai wake bibi huyu hakuwa na sauti, maana madaktari waliiondoa pamoja na maradhi ya koo. Alikuwa akiandika kwenye kidaftari. Katika simu hakuna neno lake hata moja, na video za harusi ndiyo usiseme, watu wetu hawaruhusu kamera upande wa wanawake.

Ilibaki kaseti moja tu.

Zamani zile barua kati ya Unguja na Maskati zilikuwa zikisemwa. Mtu ananunua kaseti, anajifungia chumbani, anaongea mpaka upande umalizike, kisha anamkabidhi msafiri. Mahbuba akiwa mchumba alimpelekea Harub barua ya namna hiyo. Ilisikilizwa mpaka ikachakaa. Mwaka ule wa operesheni ikakwama ndani ya redio, kifuniko kikagoma kabisa. Harub hakuhangaika. Mwenyewe alikuwamo ndani ya nyumba, kaseti ya nini?

Sasa mwenyewe hayupo, na redio ilitoka nyumbani na vitu vya sadaka.

"Samir," alisema Harub. "Kaseti iko wapi?"

"Kaseti gani, Ami?"

"Ilokuwa humu. Kifuniko hiki kilikuwa hakifunguki. Nani kakifungua?"

"Mie nimeipokea hivi hivi. Inafungua, inafunga, inaimba. Ungetaka mbovu ungesema mapema."

Samir ni mtu wa Sib, mama yake wa Malindi ya Unguja, na ulimi wake hauna breki.

"Nani kakuletea?"

"Ah, Ami. Sisi hapa hatutaji watu."

Harub aliigeuza redio. Kwenye pembe ya chini palikuwa na doa jeusi, plastiki imeyeyuka kidogo.

"Unaliona hili? Nliangusha kaa la udi mwenyewe, usiku wa Idi. Redio hii ya nyumbani kwangu, na imetoka bila idhini yangu. Basi chagua. Utanambia mie au utawambia polisi."

Watu wawili waliokuwa wakichagua birika za shaba waliziweka chini, wakasogea kusikiliza. Samir hakutikisika hata kidogo.

"Waite," alisema. "Mie sipokei kitu cha khaddama bila karatasi."

Hapo nieleze kidogo, maana huu ni utaratibu wa soko na una sababu yake. Msichana wa kazi za ndani akiuza kitu Ijumaa, Jumamosi anaweza kuitwa mwizi, na aliyenunua akaitwa mwenziwe. Kwa hiyo Samir anataka karatasi ya bosi wa msichana, yenye jina na saini, kwamba kitu hiki alipewa kwa ridhaa. Karatasi hizo anazitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Alilifungua, akachambua, akatoa moja iliyokunjwa mara nne.

"Soma mwenyewe, Ami. Ukimaliza ndio uwaite hao polisi."

Harub alivaa miwani.

*Mimi Harub, mkaazi wa Mabela, nimempa Nakimuli redio hii ya marehemu mke wangu, pamoja na vyote vilivyomo ndani yake, iwe sadaka. Hakuna mwenye haki ya kumdai.*

Chini palikuwa na tarehe mbili, ya Kiislamu na ya kizungu, kama ilivyo kwenye faili. Mwandiko ulikuwa wake. Hata mkia wa herufi ya mwisho, ule uliowafanya makarani wenzake wamtanie, ulikuwapo.

Alisoma mara ya pili, kisha akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi.

"Vyote vilivyomo ndani yake," alisema polepole.

"Umeandika vizuri sana," alisema Samir. "Wengi huandika mstari mmoja tu."

Sasa akakumbuka. Siku ya arubaini alikaa mezani na kalamu, na kila kitu kilichotoka alikiandikia karatasi. Cherehani kwa jirani, mabuibui kwa wajane wa mtaa wa pili, redio kwa Nakimuli, yule binti wa Kiganda aliyemuuguza Mahbuba miaka sita. "Msibakishe kitu," alikuwa akisema. "Hata sindano. Thawabu zimfikie."

Alikuwa mkali kwa jambo hilo, mkali kupita kiasi. Khattab, mtoto wa dada yake Mahbuba, alikuja kutoka Unguja siku ya tatu ya matanga, akaomba japo mtandio mmoja wa mama yake mdogo awe nao. Harub alimjibu mbele za watu kwamba vitu vya maiti ni haki ya maskini, havigawiwi jamaa vikawa kumbukumbu. Mtu mzima yule, ndevu zimeingia mvi, alilia mpaka waliokaa naye wakaona haya. Akarudi Unguja mikono mitupu.

Kilichosalia ni pete peke yake, kwa sababu ilikuwa kidoleni mpaka siku ya kuoshwa, na wanawake waoshaji wakampa Harub mkononi.

Na baada ya kuyaandika yote hayo kwa mkono wake, siku alipoikumbuka ile kaseti na kuikosa redio, alimlaumu nani? Bashayer, binti yake wa pekee. "Umemtupa mama yako jalalani," alimwambia, mezani, mbele ya mumewe. Bashayer hakujibu. Harub akapanda Coaster yake, akaondoka, na namba ya simu ya mwanawe akaifungia isimfikie. Sasa ni miezi saba.

Ningekuwapo siku ile ningemfinya, Mungu anisamehe.

Hii Coaster nayo ina habari yake. Aliinunua mwaka aliostaafu, akang'oa viti, akaweka vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji na choo ambacho mtu hukaa magoti yamegusa mlango. Waliahidiana kuzunguka nayo yeye na Mahbuba kwenye masoko ya vikuukuu, Nizwa, Sur, mpaka Salalah huko. Mahbuba alipenda vitu vilivyotumiwa na watu kabla yake, makasha ya njumu, vikombe vya kahawa vyenye ufa. Kila Alkhamisi Harub alisema inshallah wiki ijayo. Tairi zilipasuka kwa kusimama tu.

Sasa anazunguka peke yake. Analala kitanda cha kulia, cha kushoto shuka yake haijajikunja tangu itandikwe. Asubuhi anakoroga chai vikombe viwili, anakunywa kimoja, kingine anakimwaga nje kabla hakijapoa, asije akakikuta baridi mchana. Kila soko alilofika alinunua redio ya kaseti inayofanana na ya kwake, kwa wasiwasi tu, na sasa anazo kumi na moja nyuma ya kiti. Wiki nzima inaweza kupita asiseme ila "bei gani" na "asante".

"Namba ya huyu binti unayo?" alimuuliza Samir.

"Ipo nyuma ya karatasi."

Alisogea kwenye kivuli cha Coaster, akapiga. Nakimuli siku hizi yuko Qurayyat, kwenye nyumba nyengine. Ilipokewa kwa sauti ya chini.

"Halo? Nani?"

"Nakimuli, mimi Harub."

Ukasikika mlango ukifungwa upande wa pili wa simu.

"Baba wa Mabela? Baba, uko mzima?" Halafu maneno yakamtoka mbio. "Baba, ile redio mimi sikuiba. Madamu wa hapa hataki kelele, amesema khalas, toa. Karatasi iko kwa Samir, uliandika wewe mwenyewe."

"Najua. Nimeisoma. Sikupigii kwa ubaya, mwanangu. Nataka kaseti ilokuwa ndani."

"Kaseti si nilimpatia Bashayer?"

Harub aliegemea bati la gari. Lilikuwa na moto wa jua, lakini hakuondoka.

"Ulimpa lini?"

"Zamani, Baba. Ile wiki ya kwanza tu. Nilipeleka redio kwa fundi Ruwi, akafungua kifuniko, kaseti ikatoka. Mimi nikasema hii ni kitu ya Mama, si yangu, hata kama umeandika vyote. Siku yangu ya kupumzika nikapanda basi mpaka Mabela, nikampatia mkononi. Kwani hakukuambia?"

"Hakunambia."

"Alisema anakupigia kila siku na simu haishiki. Baba, ulimfungia?"

Mzee alikwangua rangi ya bati kwa kucha, na Nakimuli akafahamu.

"Sori, Baba. Lakini niulize kitu moja? Mama alikuwa anagonga ile redio, unakumbuka? Alikuwa anataka nini?"

"Alitaka habari. Nlikuwa nikimwashia."

"Mimi nikimwashia alikuwa anazima. Ukiwasha wewe, anakuangalia, halafu anaangalia dirisha. Siku zote nilitaka kukuuliza nikaogopa. Madamu ananiita, Baba. Bye."

Harub alibaki na simu sikioni. Kugonga kule alikukumbuka vizuri, mara mbili, kwa pete, mkono wa kushoto.

Pete ile ilikuwa ikivaliwa kulia tangu ndoa. Kabla ya operesheni hospitali waliivua wakamkabidhi Harub. Mgonjwa alipozinduka mkono wake wa kulia ulikuwa na sindano ya dripu, basi akamvisha wa kushoto, na Mahbuba hakuihamisha tena. Dakika ile ile aliashiria apewe kalamu, na maneno ya kwanza aliyoyaandika baada ya kupoteza sauti yalikuwa haya: *Umeisikiliza kaseti?* Alikuwa amemwambia jioni ya kuamkia operesheni, mlangoni mwa wodi, akasikilize kaseti iliyomo ndani ya redio. Harub alidhani ni ile barua yao ya uchumba, kwamba bibi anataka akumbukwe. Alikuwa amefika nyumbani hoi, akalala na viatu.

"Nimeisikia yote, bibi," alimjibu.

Waume tuna uongo wa aina hii, mdogo mdogo, wa kumpoza mtu. Tunausema na tunausahau siku hiyo hiyo.

Alirudi kwa Samir.

"Redio naitaka hivyo hivyo. Tubadilishane. Nna kumi na moja ndani ya gari."

"Kumi na moja? Ami, umefungua duka?"

"Chukua zote ukitaka."

Samir alipanda, akazitazama zile redio zimejipanga nyuma ya kiti, akavitazama vile vitanda viwili. Utani ukamwishia. Alichagua moja, ndogo, bila hata kuangalia inafaa bei gani. Akaibeba redio ya Mahbuba mwenyewe mpaka kwenye kiti cha mbele, akaifunga mkanda.

"Nenda salama, Ami. Na upumzike."

Soko lilikuwa linafungwa kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Harub alisali msikiti wa njiani, na ukimuuliza khutba ilihusu nini hawezi kukwambia. Kisha akashika barabara kuu. Redio zilizobaki ziligongana nyuma kila alipobadili gia, na pete ya Mahbuba, aliyoitundika kwa uzi kwenye kioo, ilikuwa ikizunguka mbele ya macho yake.

Mabela alifika watu wakila. Aliizima Coaster mbele ya geti alilolijenga mwenyewe na hakuweza kushuka. Aseme hodi au aingie tu? Mtu wa kukaribishwa nyumbani kwake mwenyewe anafanana na nani? Alikaa hivyo mikono juu ya usukani, akawasikia wajukuu wanacheka ndani. Kicheko kilikuwa umbali wa hatua kumi na yeye ndiye aliyejifungia nje.

Geti lilifunguka. Mngurumo wa gari ile Bashayer anaujua. Alisimama na mtandio wa nyumbani, mikono ina harufu ya biriani.

"Asalam alaykum, Baba."

"Waalaykumu salam."

"Umekonda."

"Nnakula."

"Unakula nini, biskuti? Sahani yako nnaiweka kila Ijumaa. Na leo ipo."

Harub alishuka. Alitaka kusema jambo refu, alilitunga njia nzima, lakini alichofanya ni kumpa karatasi ile iliyokunjwa mara nne. Bashayer hakuifungua.

"Naijua," alisema. "Nlikaa ubavuni mwako ukiiandika. Nikakwambia, Baba, redio tuibakishe. Ukanambia sadaka haina nusu."

"Sikumbuki."

"Hukuwa unakumbuka kitu. Hata chakula nlikuwa nakukumbusha."

"Basi siku ile mezani mbona hukusema? Nimekutukana mbele ya mumeo, mbona ulinyamaza?"

Bashayer alimrudishia karatasi.

"Ulikuwa unatafuta wa kumkasirikia. Ningekwambia ni wewe, ungejikasirikia mwenyewe, na ulikuwa huna nguvu hizo. Nikaona bora iwe mie. Nlidhani siku mbili tatu zitakupitia. Sikujua utaondoka jumla."

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshasamehe zamani. Ulifunga simu tu, hukujua."

Mzee alilia pale pale barabarani, mchana kweupe, jirani akapita akajifanya hakuona. Bashayer alimshika kiwiko mpaka akatulia.

"Kaseti nnayo," alisema.

"Uliisikiliza?"

"Nliiweka siku ileile alonipa Nakimuli. Si wewe peke yako ulokuwa na hamu na sauti ya mama. Lakini Baba, kumbe si ile barua yako ya zamani tu. Upande wa pili kuna jengine. Sauti yake ya ukubwani. Ile alokuwa akituitia chakula."

Harub alimkodolea macho.

"Anasema nini?"

"Sijui. Kasema ni yako peke yako, na mie nikiipata niizime nikupe. Nimezima. Miezi saba iko kabatini, kila nikifungua kabati naiona. Sijaigusa tena."

Msomaji, una mtu kama huyo nyumbani kwako? Mshukuru leo, usingoje mpaka uhamie Coaster.

Bashayer aliingia ndani akatoka na kaseti ndani ya kitambaa cheupe. Lebo yake ilikuwa imefifia, jina la Harub tu ndilo lililosomeka, kwa wino wa buluu, mwandiko wa msichana.

"Twende usikilize na mie," alisema Harub.

"La. Kasema yako. Nenda, mie nipo hapa nje."

Aliingia, akavuta mlango. Ndani kulikuwa na joto. Kwa mara ya kwanza tangu aitandike ile shuka, alikaa kitanda cha kushoto. Aliiweka redio mapajani, akaitia kaseti upande wa pili, akairudisha mwanzo, akabonyeza kitufe.

Kwanza feni. Feni ya chumbani kwao, ile iliyokuwa ikigonga kila ikizunguka. Kisha mtu akavuta pumzi.

"Harub. Hii yako peke yako. Kama ni Bashayer uloipata, mwanangu, zima, mpe baba yako."

Ilikuwa sauti yake, nzito kidogo, yenye mkwaruzo wa maradhi. Miaka kumi na minne. Harub aliinama mpaka paji la uso likagusa redio.

"Leo Jumatatu. Kesho wananikata, na wamenambia sauti nisiitegemee. Basi nimeona nikupe ya mwisho uiweke. Barua yangu ya zamani iko upande ule wa pili, sijaigusa, usiogope."

Alikohoa. Maji yakamiminwa kwenye gilasi.

"Nnataka kukuuliza jambo, na sina uso wa kukuuliza ukinitazama. Kabla yako nliolewa. Nlikuwa na miaka kumi na saba. Bwana yule hakuishi hata mwaka, akaniacha na mimba, nikazaa mtoto wa kiume. Watu wenu wa Maskati walitaka mwari, na watu wetu walitaka nitoke Unguja. Dada akamchukua mtoto, akamwita wake. Khattab si mtoto wa dada, Harub. Ni wangu."

Mkono wa Harub ulikwenda kwenye kitufe ukarudi. Alimwona yule mtu mzima ukumbini, ndevu zina mvi, akiomba mtandio mmoja.

"Mwenyewe hajui. Nnataka unipeleke kwake, mie na wewe, nimwambie. Sauti sitokuwa nayo, nitamwandikia, nikae karibu yake akisoma. Ukikataa nna haki gani ya kulaumu, miaka yote hii nimekuficha. Wala usinijibu kwa maneno, najua maneno yanakutatiza. Pete yangu watanivua wakupe wewe. Kesho nikifumbua macho, kama umekubali, nivishe kulia ilipo siku zote. Kama hukukubali, nivishe kushoto, nitafahamu. Na wallahi sitokuuliza tena, wala sitonuna."

Feni ikagonga, ikagonga.

Hakununa. Miaka kumi na minne alimpikia, akampigia pasi kanzu, akamwandikia kwenye kidaftari kwamba dawa ya presha iko mezani. Aligonga redio mara mbili, akamtazama, na mume akamwashia habari.

Sauti haikuwa imekwisha. Ilikuwa ikieleza sasa kwamba kanzu tatu zimepigwa pasi, ziko upande wa kushoto wa kabati, na kwamba Bashayer asiachwe aje hospitali bila kula. Harub hakuwa akisikia. Macho yake yalikuwa mbele, kwenye kioo, pale pete ilipotulia mwisho wa uzi wake.

Ubavuni mwa Coaster kukagongwa, mara mbili.

"Baba," aliuliza Bashayer kutoka nje. "Umeisikia yote?"